Sukari Haiko Kwenye Kikombe cha Chai Tu

Muulize mtu yeyote pale kantini kisukari kinaletwa na nini. Atakujibu bila kufikiri mara mbili: "Kula sukari nyingi." Muulize tena anajikinga vipi. Atakwambia chai anakunywa ya vijiko viwili tu siku hizi, amepunguza. Anayekujibu hivyo mkono mmoja ameshika sahani ya chipsi mayai iliyomwagiwa tomato sosi, mwingine ameshika soda ya baridi.

Wanachuo wenzangu, simcheki huyo mtu. Anarudia tulichofundishwa wote, na kilichotufundisha ni jina lenyewe la ugonjwa. Mimi nasomea ualimu, na jambo moja tunaloambiwa kila muhula ni kwamba mwanafunzi hafiki darasani akiwa mtupu. Anakuja na maarifa yake, na ukitaka kumfundisha jipya lazima uanze na lile alilokuja nalo. Kwa hiyo somo la leo linaanzia kwenye jina.

JINA LINAVYOTUPOTOSHA

Tunasema "ana sukari", "sukari imepanda", "sukari imeshuka". Neno ni moja, lakini vitu ni viwili. Kuna sukari ya dukani, ile inayotengenezwa kwa miwa kule Misenyi, Kilombero au TPC Moshi. Na kuna sukari ya kwenye damu, yaani glukosi, ambayo mwili unaipata kutoka kwenye vyakula vingi: ugali, wali, ndizi, mihogo, mkate, viazi, matunda, na hiyo ya dukani pia. Mtu ambaye hajawahi kuonja soda maishani mwake bado ana glukosi kwenye damu, na asipokuwa nayo anakufa.

Mkanganyiko huu una gharama. Mama mkubwa wangu kule Runazi, wilayani Biharamulo, aligundulika ana kisukari baada ya kidonda cha mguuni kukataa kupona. Kuanzia siku ile aliacha sukari kwenye chai, akaiacha kabisa, kwa nidhamu ambayo mimi sina. Lakini mlima wa ugali wa sembe uliendelea kuwa uleule, maana "ugali hauna sukari". Halafu wageni wakawa wanakuja kumwona mgonjwa. Na kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, anapelekewa soda, juisi ya boksi na biskuti. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ni upendo kabisa. Ila upendo ule ulikuwa unampandishia kile alichokatazwa na daktari.

Ilibidi tukae chini kama familia tueleweshane upya. Maelezo yenyewe ni haya.

NDANI YA MWILI

Ukila chakula cha wanga, kinavunjwavunjwa tumboni mpaka kuwa glukosi, kisha glukosi inaingia kwenye damu. Kongosho linapoona glukosi imepanda, linatoa homoni inayoitwa insulini. Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa anaifananisha na ufunguo: inafungua mlango wa seli ili glukosi iingie ikatumike kama nguvu. Inayobaki huhifadhiwa kwenye ini na misuli kama glikojeni. Stoo hiyo ikijaa, ziada inageuzwa kuwa mafuta.

Mpaka hapo hakuna tatizo. Mwili umeumbwa kufanya kazi hiyo. Tatizo linaanza pale chakula kinapozidi mahitaji siku baada ya siku, miaka na miaka, huku misuli haifanyi kazi. Mafuta yanaanza kujaa hata mahali yasipotakiwa: kuzunguka viungo vya tumboni, ndani ya ini, ndani ya misuli. Seli zikifika hapo zinaanza kuwa sugu kwa insulini. Ufunguo upo, lakini kitasa kinagoma. Kongosho linajibu kwa kutoa insulini zaidi, na kwa miaka kadhaa linafanikiwa. Ukipima sukari unaambiwa iko sawa, kumbe kongosho linafanya kazi ya watu watatu. Siku likichoka ndipo sukari inapanda na kukaa juu. Hicho ndicho kisukari cha aina ya 2.

Kipo pia kisukari cha aina ya 1. Hicho kinatokana na kinga ya mwili kushambulia seli zinazotengeneza insulini, na kinawapata hata watoto wadogo. Hakihusiani na kula pipi. Kwa hiyo ukikutana na mwenzako anayejidunga insulini hosteli, usimpe somo la kuacha soda. Hajajiletea.

Sasa sukari ya dukani inaingiaje? Nusu yake ni glukosi na nusu ni fruktosi. Fruktosi haiendi kama glukosi: sehemu kubwa inashughulikiwa na ini. Ikija kidogokidogo, kama kwenye embe au papai pamoja na nyuzinyuzi zake, ini halina shida nayo. Ikija kwa kishindo, kama kwenye soda uliyoimaliza kwa dakika tano, ini linageuza sehemu yake kuwa mafuta. Mafuta hayo mengine yanabaki hukohuko kwenye ini, mengine yanaingia kwenye damu. Isitoshe, kinywaji hakishibishi. Ukinywa soda, chakula cha mchana utakila vilevile kama vile hukunywa kitu.

Ndiyo maana madaktari hawaangalii sukari peke yake. Wanaangalia mambo matano yanayopenda kutembea pamoja: kiuno kipana (kipimo kinachotumika sana kwetu ni kuanzia sentimeta 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke), presha kuanzia 130/85, sukari ya kabla ya kula kuanzia 5.6, mafuta ya trigliseridi kuanzia 1.7, na kolesteroli nzuri kuwa chini. Mtu akiwa na matatu kati ya hayo, mfumo wake wa kutumia chakula umeshaanza kuyumba, hata kama anacheza mpira kila Jumamosi na hasikii maumivu yoyote. Haya hayaumi. Hapo ndipo penye hatari yake.

HESABU YA SIKU MOJA

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 50, sawa na vijiko 12 hivi vya chai. Asilimia 5 ni gramu 25, vijiko 6.

Tuchukue siku ya kawaida ya mwanachuo. Asubuhi chai ya rangi, vijiko 3 vya sukari: gramu 12. Mchana soda ya kola ya mililita 350. Soda za aina hiyo huwa na gramu 10 hadi 11 kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa moja ni kama gramu 37. Jioni chai tena, vijiko 3: gramu 12. Jumla ni gramu 61. Tumeshavuka, na hapo sijahesabu biskuti, keki, juisi ya boksi, wala ile enaji ya saa sita usiku wakati wa kukesha na mtihani.

Angalia vizuri hiyo hesabu. Chai mbili zote kwa pamoja hazifikii soda moja. Mtu anayejisifu kupunguza kijiko kimoja kwenye chai huku akiendelea na soda ya kila siku ameziba tundu la sindano akaacha mlango wazi.

Na tusidanganyane kwa majina. Sukari guru ni sukari. Asali, pamoja na sifa zake zote, mwongozo huo unaihesabu kwenye kundi lilelile. Juisi ya matunda hata iwe ya kukamua mbele ya macho yako, nyuzinyuzi zikishachujwa kinachobaki ni maji na sukari ya matunda matatu au manne ambayo usingeyamaliza kwa kuyatafuna. Kwenye vifungashio nako inajificha: ukisoma glukosi, dekstrosi, sirapu ya mahindi au juisi iliyokolezwa, ujue ni ndugu wa familia moja.

KUSINDIKA SI DHAMBI

Hapa wengi tunachanganya. Tukisikia "vyakula vilivyosindikwa vina madhara" tunadhani kila kilichopita kiwandani au kilichokaushwa ni sumu. Kama ni hivyo tutupe dagaa wakavu, mtindi, unga wa udaga na senene wa kukaanga, tubaki na nini Kagera?

Profesa Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil, walipendekeza mwaka 2009 tuvigawe vyakula kwa kiasi vilivyosindikwa. Mgawanyo huo, unaoitwa NOVA, una makundi manne. La kwanza ni chakula chenyewe au kilichoguswa kidogo: ndizi, maharage, mayai, maziwa, unga. La pili ni viungo vya kupikia kama mafuta, chumvi na sukari. La tatu ni chakula kilichotengenezwa kwa kuunganisha hayo mawili, kama samaki wa chumvi au mkate wa kawaida. La nne ndilo tunalolizungumzia: bidhaa zilizoundwa kiwandani kwa wanga uliochujwa, mafuta, sukari, rangi, ladha na vitu ambavyo huwezi kuvikuta kwenye jiko la nyumbani. Soda, soseji, tambi za pakiti na kifuko chake cha viungo, chipsi za pakiti, biskuti nyingi.

Je, tatizo ni sukari na mafuta yaliyomo, au ni usindikaji wenyewe? Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walilipima swali hilo. Walichukua watu wazima 20, wakawaweka chini ya uangalizi wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vya kundi la nne, wiki mbili nyingine vyakula vya kawaida. Milo ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliambiwa ale mpaka atosheke. Kwenye zile wiki mbili za vyakula vya kiwandani watu walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku, wakaongezeka uzito kama kilo moja. Kwenye wiki mbili nyingine walipungua kiasi kama hicho. Hakuna aliyelazimishwa kula. Chakula laini, kitamu, kinachomezeka haraka, kinakupita kabla tumbo halijatuma taarifa kwamba limeshiba.

Na kwetu? Utafiti ninaoupenda zaidi umefanyika hapahapa Tanzania. Watafiti wa KCMC Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walishirikiana na vijana wa kiume 77 wenye afya nzuri, wengine wa vijijini na wengine wa mjini, mkoani Kilimanjaro. Baadhi ya waliozoea chakula cha asili waliwekwa kwenye chakula cha kizungu kwa wiki mbili: soseji, mkate mweupe na jamu, chipsi. Baadhi ya wale wa mjini walirudishwa kwenye ndizi, maharage, bamia, mboga za majani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Waliohamia kwenye soseji na chipsi, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani zimeongezeka, na seli za kinga zikawa dhaifu zaidi zikikutana na vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha asili ilikuwa kinyume chake, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye.

Wiki mbili tu, jamani. Hawa si wazee wa miaka sitini. Ni vijana wa umri wetu.

TULIKOTOKA NA TULIPO

Miaka ya 1980 Profesa Donald McLarty na wenzake walipima watu wa vijiji sita vya Tanzania, wakakuta kisukari kwa takriban mtu 1 kati ya 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Tusilinganishe kichwakichwa, maana umri na njia za upimaji vilitofautiana, na uchunguzi wa 2012 ulihusisha pia watu wa mjini. Lakini hata ukitoa punguzo hilo, mwelekeo unaonekana.

Upande wetu wa Ngara na Biharamulo mwelekeo huo unapita barabarani. Simama Lusahunga uangalie malori yanayokwenda Rusumo. Pembeni ya barabara ndizi za kuchoma na mahindi bado vipo, lakini friji la soda lipo, chipsi zipo, enaji zipo. Mabibi zetu walikula wanga mwingi kuliko sisi: ndizi, mihogo, viazi vitamu, mtama. Ila walikula na maharage na mboga, na waliulima kwa jembe la mkono wanga huohuo. Sisi tunaagiza kwa simu na kukaa kwenye kiti saa nane.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa Kagera hatulisemi sana. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walibainika mkoani kwetu mwaka 1983. Miaka ile ugonjwa uliitwa "Juliana", na ng'ambo ya mpaka, Uganda, uliitwa "Slim", kwa sababu ulikuwa unamkondesha mtu mpaka unamwonea huruma. Wazazi wetu wamekulia kwenye hofu hiyo. Kukonda kulikuwa habari mbaya, kunenepa kukawa habari njema. Mpaka leo ukirudi likizo una kitambi unapokelewa kwa shangwe: "Chuo kimekukubali!" Ukirudi umepungua, mama anakuita pembeni akuulize kwa sauti ya chini kama uko salama. Simlaumu. Amezika watu. Lakini ni lazima mtu amwambie kwa heshima kwamba kitambi nacho kina habari yake, na siyo njema.

TUNAFANYAJE NA BUMU HILIHILI?

Najua jibu lenu: "Mwandishi, maisha ni magumu, chipsi ndiyo ziko karibu." Tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ni Sh 10,000 kwa siku, na hiyo ni kwa aliyepata mkopo kamili. Ndani yake kuna kodi ya chumba, vocha na nauli. Sitawashauri mle saladi na samoni.

Nashauri mambo ambayo yanapunguza gharama badala ya kuongeza.

Kwanza, badilisha kinywaji kabla ya kubadilisha chakula. Soda ya kila siku ikawa ya Jumamosi tu, umepunguza sukari kuliko mabadiliko mengine yote, na hela imebaki mfukoni. Maji yanatosha. Chai punguza kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi utazoea.

Pili, ugali maharage na mboga za majani bado ni bei rahisi kuliko chipsi mayai, na unakaa tumboni muda mrefu. Ukipata dona badala ya sembe, chagua dona, maana pumba na kiini ndimo zilimo nyuzinyuzi. Kiazi kitamu, muhogo wa kuchemsha, karanga, parachichi la msimu, vyote hivi ni chakula cha maana na siyo cha umaskini.

Tatu, soma kifungashio. Tafuta gramu za sukari kwa mililita 100, zidisha kwa ujazo wa chupa kwa mililita, gawa kwa 100, kisha gawa kwa 4. Hapo umepata idadi ya vijiko. Ifanye hesabu hiyo mara moja tu kwa kinywaji unachokipenda, kisha amua mwenyewe.

Nne, lala. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 11 wenye afya saa nne tu kila usiku kwa siku sita. Uwezo wa miili yao kuiondoa glukosi kwenye damu ulishuka waziwazi. Kukesha wiki nzima ya mitihani kwa nguvu ya enaji ni kupiga mwili pande zote mbili.

Tano, tembea. Msuli unaofanya kazi unachukua glukosi hata insulini ikiwa kidogo. Hosteli mpaka darasani kwa mguu siyo adhabu.

Sita, kapime. Presha, kiuno na sukari havichukui dakika kumi kwenye kituo cha afya. Ukikutwa na tatizo, au nyumbani yupo anayetumia dawa, mabadiliko ya chakula yaende pamoja na ushauri wa mtoa huduma. Usimwachishe mtu dawa kwa sababu ya makala.

Kwa wale tunaokwenda mafunzo kwa vitendo mashuleni, tuna kazi ya ziada. Mtoto wa darasa la tatu anayenunua juisi ya unga na biskuti mapumziko hana mtu wa kumweleza tofauti ya sukari ya dukani na sukari ya damu. Sisi tunaweza. Uji wa shule unaweza kuwekewa karanga na sukari kidogo badala ya sukari nyingi. Somo la asilimia linaweza kufundishwa kwa lebo ya soda. Halihitaji projekta wala bajeti, linahitaji chupa tupu moja.

Na nyumbani Runazi, mama mkubwa sasa anakula ndizi na maharage kwa kipimo, na kidonda kimefunga baada ya miezi mingi ya kliniki na dawa. Wageni bado wanakuja na mikono imejaa, ila siku hizi tumewaomba, bila kumvunja mtu heshima, walete mayai, parachichi au mboga. Wengi wamekubali. Wachache wanaleta soda, tunaipokea kwa shukrani, inanywewa na wageni wenyewe.